Dawati la vitambulisho Malindi: adabu ipo, maswali hayajaisha

Anayekwenda kuomba kitambulisho Malindi siku hizi huenda akahudumiwa kwa adabu kuliko zamani, na hilo nalitanguliza kwa sababu watumishi wanastahili sifa yao. Katika kituo kimoja cha usajili nilikomsindikiza mpwa wangu, ambaye baba yake ni Mpemba, tulipokewa kwa salamu, foleni ilikwenda kwa nambari, na karani aliyemchukua alama za vidole alimpa kitambaa cha kufutia wino huku akimwita "mwanangu". Ukutani umebandikwa mkataba wa huduma kwa Kiswahili, ukitaja stakabadhi zote zinazohitajika.

Kasoro ilijitokeza katika meza ya pili. Vijana waliotutangulia, wenye majina ya bara, waliombwa cheti cha kuzaliwa na nakala ya kitambulisho cha mzazi, basi. Mpwa wangu, aliyekuwa navyo vyote viwili, aliulizwa babu yake alizaliwa wapi, alifika huku mwaka gani, na ni mzee yupi wa mtaa atakayemdhamini. Dadangu alijibu kwa upole: "Babu yake kazikwa Mambrui, mwanangu. Mwataka shahidi gani tena?"

Swali hilo si geni. Wapemba, wengi wao wavuvi, waliishi pwani ya Kenya kwa vizazi bila kutambuliwa kuwa raia, na asiye na kitambulisho hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake wala kufungua akaunti ya benki. Mwaka 2023 serikali iliwatambua rasmi kuwa mojawapo ya jamii za Kenya, kama Wamakonde wa Kwale walivyotambuliwa kabla yao, na hatua hiyo naithamini kuliko makongamano yote ya uwiano ninayoyajua. Sheria nazo zipo: Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya rangi, kabila, lugha, hata mavazi, na Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, iliyotungwa baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa 2007, inaadhibu matamshi ya chuki kwa faini isiyozidi shilingi milioni 1 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Lakini anayesikika akivunja sheria hiyo ni mwanasiasa mwenye kipaza sauti. Swali linaloulizwa mezani kwa sauti ya chini, tena kwa heshima, aghalabu halifiki popote.

Mwenye asili ya visiwani namshauri abebe pia barua ya chifu, ingawa haimo katika mkataba, na asione haya kuunyooshea kidole mkataba wenyewe. Kwa adabu nakipa kituo hicho alama 8 kwa 10. Kwa usawa nakipa 5, nazo ni za msimamizi ambaye, tulipomwonyesha mkataba ule ukutani, alikiri kwamba sharti la mdhamini halimo, akaipokea fomu na kumpa kijana karatasi ya kusubiria kitambulisho.