Sola na betri kwenye kliniki ya kujifungulia, Lamu: uzoefu wangu

Mimi ni muuguzi msimamizi wa kliniki ndogo ya kujifungulia hapa mjini Lamu, upande wa Langoni. Wenzangu wa Faza na Mpeketoni wameniuliza sana kuhusu mfumo wa umeme tuliofungiwa, na jambo lenyewe ni refu kuelezana kwa simu. Kampuni sitaitaja, vifaa vya aina hii vinauzwa na wengi.

Tulichonunua ni inveta ya kilowati 5, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na wa betri uwe kama wa stima, nacho hupokea wa stima pia, betri ya lithiamu ya kilowati-saa 10, paneli za juu ya paa, na kifaa kinachotuma habari kwenye simu: umeme unaotumika, betri iliyobaki, na joto la ndani ya friji ya chanjo. Jenereta ya dizeli bado tunayo.

Lamu ilikaa miaka mingi ikitegemea jenereta za dizeli, kisha ikaunganishwa na gridi ya taifa kwa ile laini ndefu inayotoka Rabai, ikapita Malindi na Garsen hadi huku. Laini ikipata hitilafu popote njiani, sisi wa mwisho tunabaki gizani. Na gridi nzima ikianguka, kama usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, ni nchi nzima. Jenereta, hata ile ya kujiwasha yenyewe, ina muda wake kabla haijashika. Kwa taa si neno. Kwa mashine ya oksijeni ni neno kubwa, kwa sababu mashine ile hutengeneza oksijeni kwa kuchuja hewa ya chumbani, na ikizimika huchukua dakika kadhaa baada ya kuwashwa ndipo inayotoka ifikie kiwango kinachotakiwa. Mtoto mchanga anayehangaika kupumua hana dakika hizo.

Hapo inveta nimeipenda bila kusita. Stima ikikatika inabadili upesi mno hata mashine haishtuki wala haipigi king'ora. Mara nyingi tunajua stima imepotea kwa kusikia jenereta za majirani zikinguruma.

Lakini ukiniuliza ni pesa gani iliyofanya kazi kuliko zote, sitakutajia betri wala paneli. Ni ile ya kugawa nyaya upya. Fundi wa kwanza aliyekuja kutupa bei alitaka jengo zima liingie kwenye inveta, basi. Aliyepata kazi, kijana wa hapa hapa, alikaa wadini kutwa akiuliza kila kifaa kinatumiwa lini na nani. Akatenga laini mbili. Soketi nyekundu, zinazolishwa na betri stima ikikatika, ni za oksijeni, mashine ya kufyonza, kitanda cha joto cha watoto, friji ya chanjo, taa ya chumba cha kujifungulia na ruta ya intaneti. Nyeupe ni za mengine yote. Mashine ya kuchemshia vifaa, birika na pasi hazigusi betri kabisa. Kitu chochote kinachopasha moto hula umeme vibaya. Kuta zetu za mawe ya matumbawe hazichimbiki kwa urahisi, kwa hiyo nyaya zimepita nje ya ukuta ndani ya mifereji ya plastiki. Si za kupendeza, lakini ukitaka kufuatilia waya unaufuata kwa macho.

Waya wa athi nao, ule unaopeleka umeme wa hitilafu ardhini kupitia nondo iliyopigiliwa chini, msiupuuze. Mchanga mkavu haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo fundi aliipima ile nondo ya kwanza, hakuridhika, akapigilia nyingine karibu na kisima penye unyevu. Bila athi nzuri, vile vifaa vya kukinga umeme unaoruka havina pa kuutupa.

Sasa ile sehemu ya simu. Usiku mmoja niko nyumbani nimelala, nesi wa zamu akanipigia: "Sista, simu yapiga kelele, friji yasoma nyuzi tisa." Nikamwambia atazame mlango. Mpira wa mlango ulikuwa umelegea na boksi la sindano limeuzuia usifunge. Akahamishia chanjo na oksitosini kwenye kasha la baridi, hakikuharibika kitu. Oksitosini ndiyo sindano tunayoitegemea mama asivuje damu baada ya kuzaa, nayo hukaa kati ya nyuzi 2 na 8 kama chanjo. Mwambieni fundi aweke tahadhari pande zote mbili, juu ya 8 na chini ya 2, maana chanjo ya pentavalenti, ile ya watoto inayokinga magonjwa matano, ikiganda imekwisha kazi yake, na kwa macho huwezi kuijua.

Malalamiko ninayo. Tahadhari zilikuwa zinapita kwenye intaneti peke yake, na mtandao ukilala hakuna habari inayofika. Tulisisitiza hadi wakaongeza laini ya simu ya kutuma ujumbe mfupi. Inveta waliifunga stoo isiyo na dirisha. Joto likizidi, inveta hujipunguzia nguvu yenyewe, nasi tukadai ihamishiwe ukumbini penye upepo. Chumvi ya bahari nayo haina huruma: msimu wa kusi nilifunguliwa kisanduku cha paneli nikaona vichwa vya nyaya vimeota ukungu wa kijani na skrubu zimekula kutu. Dai skrubu za chuma kisichoshika kutu tangu siku ya kwanza, yaandikwe kwenye mkataba.

Lililoniudhi kweli ni nenosiri. Wauzaji walibaki nalo wenyewe, wakawa wanaweza kubadilisha mipangilio wakiwa Mombasa. Siku moja akiba ya betri inayowekwa kwa ajili ya stima kukatika ilishushwa kutoka asilimia 40 hadi 20, hakuna aliyeambiwa, na tulijua tulipoona betri imeshuka mno asubuhi. Katika nyumba ya wagonjwa hilo silikubali. Sasa nenosiri liko kwetu, na hakuna anayegusa kitu bila mimi au daktari kujua.

Ningenunua tena, ndiyo. Ila betri moja haitutoshi: oksijeni na kitanda cha joto vikiwaka pamoja vinapita kilowati moja, na stima ikikatika jioni hatufiki alfajiri bila kuwasha jenereta. Tunachanga pesa za betri ya pili, na fundi ametuambia lazima iwe ya aina ile ile ya kwanza, la sivyo hazitasomana.