Nimemaliza Mega Man zote kumi na moja, na raha yake ni silaha ya kunyang'anya

Utotoni nilimjua kama "yule roboti wa bluu". Alikuwa ndani ya kaseti ya jirani yetu, zile kaseti zinazojinadi kuwa na gemu mia, ukihesabu vizuri ni nane zimerudiwarudiwa. Kwenye skrini iliandikwa Rockman, jina la Kijapani la Mega Man, gemu ya video na roboti mwenyewe. Hatukuwahi kuimaliza. Ile ya kwanza, ya mwaka 1987, haina kusevu wala alama za siri za kukurudisha ulipoishia, kwa hiyo mwenye TV akitaka taarifa ya habari, kazi ya mchana kutwa imekwenda na maji. Mimi niliishia kwa lile dude la njano lenye jicho moja, nikakua hadi nikaota mvi mbili tatu bila kujua kilichopo mbele yake.

Mwaka huu nilipata Switch, mashine ya gemu ya Nintendo, ya mkono wa pili. Nikanunua Mega Man Legacy Collection, ambayo ina gemu ya 1 hadi ya 6, kisha ile ya pili yenye ya 7 hadi ya 10, mwisho Mega Man 11 peke yake. Nikajiwekea sharti: nacheza kwa mpangilio, siruki hata moja, na siendi nyingine mpaka nione majina ya watengenezaji yakipita. Wiki tisa, usiku usiku, watu wakishalala.

Kwa asiyeijua: unapewa mabosi nane, yaani maadui wakubwa wa mwisho wa steji (gemu ya kwanza ni sita), na unaanza na unayemtaka. Ukimshinda unachukua silaha yake, na silaha hiyo ni sumu kwa mwenzake fulani. Kwenye ya kwanza mnyororo wenyewe ni mtamu. Bomu la Bomb Man linamlaza Guts Man. Nguvu za Guts Man zinakuwezesha kunyanyua mawe, na chumbani kwa Cut Man mawe yapo yanakusubiri. Mkasi wa Cut Man unamchana Elec Man, umeme wa Elec Man unammaliza Ice Man, barafu inamzima Fire Man, moto unamrudia Bomb Man. Hakuna anayekueleza haya. Unayagundua kwa kufa.

Na utakufa. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tunajua steringi hafi. Mpwa wangu wa miaka kumi alikaa pembeni yangu jioni moja, akaniona nikitua kwenye miiba mara ya nne mfululizo, akauliza kwa huruma kabisa, "Anko, huyo si ndiye steringi? Mbona anakufa yeye tu?"

Lile dude la njano nililipiga siku ya tatu. Nikiri kwamba nilitumia ujanja unaojulikana dunia nzima: fyatua umeme wa Elec Man, na ukiwa unapita kwenye jicho lake bonyeza kitufe cha Select tena na tena. Gemu inasimama na kuendelea, na kila ikiendelea risasi ileile inamuumiza upya. Ni kasoro ya programu ya mwaka 1987 ambayo imeachwa kama ilivyo. Vilevile maadui wakijaa kwenye skrini mwendo unakuwa mzito na picha zinamemeteka, sawasawa na zamani. Mimi nilifurahi. Wewe unaweza usifurahi.

Mega Man 2, ya mwaka 1988, ndiyo nitakayoizungumzia zaidi, maana ndiyo nzuri kuliko zote na sioni haya kusema. Twende kwa Quick Man. Unadondoka kwenye shimo refu, na miale inachomoka kutoka ukutani, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na mlio wake. Ukiguswa mara moja, kwisha habari yako. Huna muda wa kuangalia. Kidole gumba kinatakiwa kijue chenyewe kwamba sasa kushoto, sasa dondoka, sasa kulia. Kuna njia ya mkato: ukiwa umeshamshinda Flash Man, una silaha yake ya kusimamisha muda, na miale yote inaganda. Lakini ukishaiwasha haizimiki mpaka iishe, na hiyohiyo ndiyo inayompunguzia Quick Man nusu ya uhai. Uitumie shimoni au uibakize kwa bosi? Nilikaa na swali hilo usiku mzima wa Jumanne. Nikaibakiza. Shimo nililipita jaribio la ishirini na kitu, na mikono ilikuwa imelowa jasho kama mtu aliyeshika samaki.

Jambo jingine kwenye hiyo ya 2: ukifika ngome ya Dr. Wily, adui mkuu wa gemu zote hizi, mabosi wote nane wanarudi. Nikajaribu kumrushia Metal Man msumeno wake mwenyewe. Kwenye ngazi ya Normal, mmoja tu, akapasuka. Nilicheka peke yangu sebuleni saa saba ya usiku.

Ya 3, mwaka 1990, ilileta kuteleza chini na mbwa Rush, na ni nzuri ila ndefu kupita kiasi mwishoni. Halafu ndipo, kwa maoni yangu, mambo yalipoanza kuharibika, na yaliharibika kwa zawadi. Mega Man 4 ya mwaka 1991 ilimpa roboti wetu risasi ya kuchaji: shikilia kitufe kidogo, achia, linatoka dude kubwa. Kila mtu aliipenda. Lakini ukishakuwa na dude hilo bure, ya nini kuhangaika kujua silaha ya nani inamuua nani? Ya 5 niliimaliza karibu yote kwa kuchaji na kuachia, silaha za watu zimekaa mfukoni kama sarafu za nchi nyingine. Steji ya Gravity Man, unapotembea juu ya dari, ndiyo ninayoikumbuka. Ya 6 ina vazi la kurukia, na kichekesho chake ni huyo bwana anayejiita Mr. X. Kwenye ya 4 tulidanganywa kuwa adui ni mwanasayansi Dr. Cossack, ya 5 tukadanganywa ni Proto Man, kaka wa roboti wetu, kila mara chini ya kitanda tunamkuta Wily yuleyule. Mzee hachoki.

Ya 7 na ya 8 nilizipita kwa wajibu. Ya 7 ilihamia Super Nintendo, wahusika wakawa wakubwa mpaka skrini ikaonekana chumba cha kupanga, na pambano la mwisho na Wily ni ukatili mtupu. Lilinila siku nne. Ya 8 ina vipande vya katuni vinavyopendeza na sauti za waigizaji zisizopendeza, pamoja na ile safari ya ubao kwenye theluji ambapo sauti inakuamrisha uruke, uteleze, uruke, uteleze, mpaka mke wangu akauliza kama hiyo kitu ina kitufe cha kunyamazisha.

Kisha ya 9, mwaka 2008. Capcom, kampuni inayoitengeneza, walirudi kwenye sura ya zamani kabisa, saizi ileile, milio ileile, na wakamnyang'anya roboti kuteleza na kuchaji. Hapo nikakaa wima. Silaha zikawa na kazi tena. Nyigu za Hornet Man si za kuua tu, zinakwenda kukuokotea vitu usivyovifikia. Ni ngumu, miiba iko kila mahali, lakini ukifa unajua kosa ni lako. Ya 10 ni mdogo wake, yenye ngazi rahisi kwa wanaoanza, na bosi kondoo.

Ya 11, ya mwaka 2018, imerudisha kuchaji lakini ikaongeza gia mbili: moja inapunguza kasi ya kila kitu, nyingine inaongeza nguvu, hata za silaha ulizonyang'anya. Ukizitumia sana zinachemka. Kwa hiyo unarudi kufikiri, na kwangu hiyo ilitosha kuisamehe ya 5.

Ukitaka kununua kimoja, chukua mkusanyiko wa kwanza na uanze na ya 2. Tahadhari: kwenye Switch una kitufe cha kurudisha nyuma makosa. Nilikitumia kwenye ya 1, na nilipomaliza nikagundua sikumbuki steji hata moja. Kuanzia hapo sikukigusa.

Mpwa wangu sasa anacheza ya kwanza, na amekatazwa kitufe hicho. Ana wiki ya pili amekwama kwa lile dude la njano. Habari ya Select bado sijamwambia.