Maji ya bomba au ya chupa? Tuyapime hapa mezani

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Mezani nina glasi mbili. Hii ni ya maji ya bomba, nimeyakinga hapa hapa Dar. Hii nyingine ni ya maji ya chupa ya dukani. Na kifaa hiki chenye ncha nne za chuma, kinachochomekwa kwenye umeme, wengi mmeshakiona: hutembea nacho wauzaji wa mashine za kuchuja maji. Mmeniuliza sana kama kinasema kweli.

Nachovya. Subirini kidogo. Angalieni glasi ya bomba: ya njano, sasa kahawia, sasa tope zito limepanda juu. Glasi ya chupa imetulia vile vile. Hapo ndipo muuzaji humgeukia mama mwenye nyumba akamwambia, "Mama, haya ndiyo wanayokunywa watoto wako." Na mama anaingia ndani kutafuta pesa.

Sasa nakiosha kifaa, naweka maji mapya ya chupa ile ile, halafu natia chumvi ya mezani, kidogo tu. Nakoroga, nachovya. Mnaona? Kahawia! Tope lile lile. Chumvi haikuleta uchafu wowote, imeyawezesha maji kupitisha umeme. Umeme ukipita, ncha za chuma zinaliwa, na hiyo rangi ni kutu ya kifaa chenyewe. Maji ya bomba yana madini, ndiyo maana yanabadilika haraka. Ya chupa yaliyochujwa sana hayana madini ya kutosha. Basi. Usinunue mashine kwa sababu ya onyesho hili, na tafadhali usilijaribu nyumbani, ule ni umeme wa ukutani na maji.

Hata hiki kipimo kidogo kama kalamu kinaonyesha madini yaliyoyeyuka tu. Shirika la Afya Duniani linasema chini ya miligramu 600 kwa lita maji huwa na ladha nzuri, na yakipita 1,000 huanza kuchukiza mdomoni. Hiyo ni ladha. Kimelea cha kipindupindu kalamu hii haikioni kabisa, kwa hiyo namba ndogo isikupe moyo wa kunywa.

Kipimo ninachokipenda mimi ni hivi vidonge vya kupimia klorini, ile dawa ya kuua vijidudu inayotiwa kwenye maji. Unaponda kimoja kwenye maji, na kama klorini bado ipo maji yanageuka waridi. Haya ya bomba yametoka moja kwa moja kwenye laini: waridi hafifu, lakini ipo. Haya nimeyachota kwenye simtanki: hayajabadilika hata kidogo. Ni maji yale yale ya mamlaka! Yamekaa kwenye tanki, klorini imekwisha, na sasa mjusi akitumbukia humo au mtu akizamisha ndoo chafu, hakuna cha kuyalinda. Kiwango kinachotakiwa maji yanapomfikia mtumiaji ni angalau miligramu 0.2 kwa lita.

Ndiyo maana swali la "bomba ni salama?" nalijibu kwa kuuliza: bomba la wapi, na yamepita wapi? Sehemu kubwa ya maji ya Dar hutoka mto Ruvu, yanasafishwa mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Yanatiwa dawa ya kugandisha tope, yanatuama, yanachujwa, yanatiwa klorini. Mtamboni sina ugomvi nayo. Ugomvi uko njiani. Wakati wa mgao, kama ule wa Oktoba 2022 Ruvu ilipopungua, bomba linabaki tupu chini ya ardhi, na palipo na ufa linafyonza maji ya nje, pamoja na ya mtaro. Kwa hiyo maji yakirudi baada ya mgao, yale ya kwanza yapeleke chooni au kwenye kudeki. Usiyanywe.

Na chupa? Msidhani kila chupa imetoka kwenye chemchemi ya mlimani. Mwaka 2004 kampuni ya Coca-Cola iliondoa Dasani sokoni Uingereza. Yalikuwa maji ya bomba yaliyosafishwa upya, na katika kuyasafisha yakapata kemikali ya bromati kupita kiwango cha sheria. Kisha Januari 2024 watafiti wa Marekani wakachapisha matokeo yao: wastani wa vipande 240,000 vya plastiki, vingi vidogo mno, katika lita moja ya maji ya chupa. Madhara yake mwilini bado yanachunguzwa, lakini plastiki imo.

Kwetu hatari iliyo karibu zaidi ni chupa iliyookotwa ikajazwa tena, hasa stendi. Zungusha kifuniko: kama pete haikatiki kwa mlio, rudisha. Tafuta nembo ya TBS, Shirika la Viwango, na tarehe. Na chupa zilizoanikwa juani siku nzima mimi siziagizi.

Hukumu yangu: nyumbani nachukua bomba, lakini nayachemsha mpaka yatokote sawasawa dakika nzima, yanapoa yakiwa yamefunikwa, nayahifadhi kwenye chombo chenye koki ili mtu asizamishe kikombe. Gesi ikiwa shida, kidonge kimoja cha Waterguard, dawa ya klorini ya kutibu maji, kwa ndoo ya lita 20 ya maji maangavu, unasubiri nusu saa. Kwa bei ya chupa chache unalipia uniti nzima ya maji, lita 1,000. Chupa naibeba safarini.

Ila ninyi wa Arusha na maeneo ya Meru, msinifuate hapa. Tatizo la huko ni floraidi ya miamba ya volkano, ile inayowatia watoto meno ya kahawia, na ikizidi sana inapinda mifupa. Kuchemsha hakuiondoi: maji yanapungua, floraidi inabaki, kwa hiyo inakolea. Klorini pia haiigusi. Hapo panahitajika chujio la mkaa wa mifupa au mashine ya kuchuja kwa utando, au chanzo kingine kabisa. Ulizeni mamlaka ya maji floraidi ni kiasi gani, na kama imepita miligramu 1.5 kwa lita, watoto wadogo wapewe maji mengine kuanzia leo, kabla meno ya ukubwani hayajaota.