TAHADHARI: "dokta" wa bawasiri anayeuza unga wa kukausha kinyama kwa siku 7, mimi kaniunguza

Jamani naombeni mnisome mpaka mwisho. Najua ugonjwa huu wengi tunauficha na ndo maana hawa watu wanatupata kirahisi.

Mimi ilianza na damu nyekundu kabisa nikimaliza choo, haiumi wala nini, baadae kinyama kikawa kinatoka nikijikamua halafu kinarudi ndani chenyewe. Hospitali nikaona aibu. Usiku mmoja nimekosa usingizi nikaingia mtandaoni nikakutana na ukurasa wa mtu kavaa koti jeupe na glavu, anasema bawasiri inakauka na kudondoka siku 7 bila upasuaji, chini yake shuhuda kibao. Nikamfata inboksi. Alijibu fasta, mpole kweli, "ndugu yangu usijali umefika", akaniuliza nina muda gani na tatizo kisha akataka nimtumie picha ya sehemu yenyewe ati aone limefika daraja gani. Hapo nikagoma, na nawaomba na nyie mgome, picha kama hiyo ikishatoka kwenye simu yako huna tena mamlaka nayo. Basi akasema haina shida, na bila kuona chochote akaniandikia "yako ni daraja la 4, ukichelewa ni kisu". Sasa mjue, daraja la 4 ni kinyama kilichotoka na hakirudi hata ukikisukuma na kidole. Changu kilikuwa kinarudi chenyewe, hilo ni la 2. Ila mimi wakati ule nilikuwa sijui, nikaogopa nikatuma hela.

Mzigo ukaja, kopo la unga na kichupa cha mafuta. Lebo imeprintiwa karatasi ya kawaida, haina jina la mtengenezaji, haisemi ndani kuna nini, tarehe ya kuisha hakuna. Nilikuwa nimetoka kuoga mikono ina maji, lebo ikaanza kujikunja pembeni, nikaibandua kwa kucha nikakuta chini yake lebo nyingine, ya mafuta ya nywele. Na bado nikapaka, maumivu na hofu vikikukamata unajiambia labda wamekosa tu makopo.

Dakika ya kwanza ilikuwa kama pilipili, baada ya hapo moto, nilishika sinki natetemeka jasho linanitoka. Kumpigia ananiambia vumilia, dawa inakula mizizi. Bawasiri haina mizizi! Ni mishipa ya damu ya huko kwenye njia ya haja kubwa imevimba, basi. Siku ya tatu ngozi inatoka vipande vipande, yeye anasema ndo inadondoka hiyo, ongeza dozi ya pili, na hela ya pili. Nikadai changu akaniblok.

Hospitali daktari alipima kwa kidole na kifaa kidogo chenye taa, haikufika hata dakika tano, na ile aibu niliyoiogopa miezi yote haikuwepo kabisa, kwake ni kazi ya kila siku. Akasema ngozi imeunguzwa na kovu likijikaza njia inaweza kuwa nyembamba, choo chenyewe kikawa mateso. Tulisubiri kidonda kipone kwanza ndo nikafungwa raba ndogo kwenye shina la kinyama, damu haifiki, kinanyauka na kudondoka chenyewe kama baada ya wiki hivi. Katikati hapo nilikuwa nakaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10 mpaka 15, nakunywa maji, nakula vitu vyenye nyuzinyuzi choo kilainike, na simu siingii nayo tena chooni maana kukaa muda mrefu pale kunaijaza ile mishipa damu.

Kuhusu shuhuda, hapa ndo pana mtego. Bawasiri huwa inawaka na kutulia. Ile ya nje iliyoganda damu inauma sana siku mbili za mwanzo halafu inapungua yenyewe siku hadi siku, kwa hiyo hata ungepewa maji matupu siku ya 7 ungesema nimepona. Wengine wanaomshukuru hawadanganyi, wanaamini kweli ni ule unga. Na yangu ipo pia! Nilimwandikia "asante dokta nimepokea", kaikata akabakiza "asante dokta" kaiweka kwenye ushuhuda.

Kinachoniuma zaidi, hakuniuliza swali hata moja kama nimekonda, kama choo kimebadilika, kama damu huwa nyeusi. Damu inaweza ikawa mpasuko wa ngozi ya njia ya haja kubwa, inaweza ikawa kansa ya utumbo mpana, na kuna mtu yuko nyumbani saa hizi anapaka unga miezi na miezi kumbe tatizo ni lingine.

Ukurasa kashabadilisha jina, ila picha ya koti na glavu ni ileile na maneno "ndugu yangu usijali umefika" ni yaleyale. Kama umeshalipa usiutumie huo unga. Kama umeshapaka osha kwa maji mengi, usiweke kitu kingine juu yake, nenda hospitali leo na hilo kopo ubebe, usilitupe, daktari atataka kuliona.