Benz W123 ya otomatiki: ununue ATF ipi?

Ingia duka lolote la spea mtaa wa Gerezani, Dar, useme "nataka ATF", yaani oili ya giaboksi ya otomatiki. Muuzaji atakupangia madumu manne juu ya kaunta, yote mekundu. Rangi isikudanganye. Ni dawa tu, imetiwa ili gari likivuja ujue ni oili ya wapi. Geuza dumu usome mgongoni. Kwa W123, zile Benz za 1976 hadi 1986, unatafuta Dexron II au Dexron III (Dexron ni kiwango cha ATF cha General Motors, GM), na ukiona MB 236.1 au 236.7, namba za idhini za Benz wenyewe, imeandikwa hapohapo, umepata. Mimi nina W123 ya 230E, na nazipanga hivi, kuanzia ninayoipenda zaidi.

1. Dexron III ya kawaida, isiyo sinthetiki. Mfano Shell Spirax S3 ATF MD3. Uzito wake unakaribiana na wa oili ambayo giaboksi hii ilitengenezewa, na inastahimili joto la foleni kuliko Dexron II. Ila kuna mtego. Baada ya Dexron VI kuingia, GM waliacha kutoa leseni za Dexron III, kwa hiyo dumu la leo likisema "inafaa panapotakiwa Dexron III", hilo ni neno la mtengenezaji mwenyewe. Ndiyo maana sinunui jina nisilolijua, hata liwe nusu bei.

2. Dexron II. Mobil ATF 220 ni ya kundi hili. Udhaifu wake mkubwa ni kwenye baridi kali, na Dar baridi hiyo itoke wapi? Tatizo ni kwamba huchoka mapema. Mimi siivushi kilomita 40,000.

3. Sinthetiki ya daraja la Dexron III. Oili nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini kwenye giaboksi yenye sili za miaka arobaini itadondoka palepale ilipokuwa ikidondoka ya bei rahisi.

4. Dexron VI, na zile za "magari yote". GM wanasema Dexron VI inashika nafasi ya zile za zamani, lakini wanazungumzia giaboksi zao. Hii ni ya Benz, na Dexron VI ni nyepesi zaidi. Niliwahi kuuziwa ya "magari yote" nikaambiwa ndiyo ya kisasa. Wiki ya pili sakafu ya banda ilikuwa na duara jekundu chini ya sampo, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, na gia ya pili ikawa inachelewa kushika. Nikamwaga yote.

Oili ya CVT (giaboksi za mkanda), oili ya injini, na ile inayochotwa kwenye pipa na kutiwa chupa ya maji, hizo hata sizipi namba.

Nunua lita 7. Zitaingia kama 6 ukimwaga na konveta, ile ngoma ya oili kati ya injini na giaboksi, na hapo ndipo mafundi wengi hukatiza: wanafungua sampo, wanarudisha, huku oili nyingi ya zamani imebaki ndani. Konveta ya W123 ina nati yake ya kumwagia. Mwambie fundi azungushe injini kwa spana taratibu mpaka nati ijitokeze kwenye tundu la chini; inafunguka kwa alenki namba 5, kama ya sampo. Fedha uliyookoa kwa kuacha sinthetiki inunue filta, gasketi ya sampo na washa mpya za nati zote mbili.

Ila kabla hujatoa hata shilingi, angalia moduleta, kile kidude cha vakyumu ubavuni mwa giaboksi. Kama gia zinapiga kwa kishindo, oili inapungua, chini hakuna tone, na ekzosi inatoa moshi mweupe, ujue ngozi ya ndani imechanika na injini inakunywa ATF. Hapo dukani hakuna dumu la kukusaidia, nunua moduleta.

Siku ya kujaza, tia lita 4 kwanza, washa injini, ndipo uongeze kidogokidogo. Kipimo cha mwisho hufanywa giaboksi ikiwa moto, injini inaunguruma, gia ipo P. Futa dipstiki kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Kati ya alama ya chini na ya juu ni kama lita 0.3 tu, yaani kikombe cha chai, kwa hiyo ongeza kwa kikombe, si kwa dumu.