Tahadhari: XL, DT na XR zinazong'aa nje, ndani kimeo

Kama unatafuta pikipiki ya porini ya mtumba, soma hii kabla hujamtumia dalali hata shilingi moja. Umeenea mchezo wa kuuza Honda XL, Yamaha DT na Honda XR zilizokwisha kabisa, zikiwa zimevalishwa plastiki mpya na stika mpya. Mnunuzi anaona madigadi yanang'aa na tairi za kashata bado zina vinyweleo, analipa, na kabla mwezi haujaisha pikipiki iko kwa fundi imefunguliwa bloku (silinda). Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na inauma zaidi kwa sababu wengi wanaozinunua ni watu wa kazi: bwana shamba, daktari wa mifugo, mwalimu wa shule ya mbali.

Nyingi ya pikipiki hizi zilikuwa za serikali, mashirika ya umma na miradi ya wafadhili, zile za namba STK, SU na DFP. Zilifanya kazi ngumu kwenye vumbi na matope, kila wiki dereva mwingine, zikachoka, zikapigwa mnada. Mnada hauna kosa: kitu kinauzwa kama kilivyo, na bei inalingana nacho. Kosa ni la anayezikusanya kutoka mnadani, akazipuliza injini rangi ya fedha, kisha akakuambia "ilikuwa ya mzungu, imetembea kidogo". Kilomita kwenye dashibodi zisikushawishi, maana waya wa spidi unachomolewa kwa mkono bila spana. Angalia mpira wa kikanyagio cha gia, meno ya vikanyagio vya miguu na pedali ya breki. Pikipiki ya kilomita elfu tano haiwezi kuwa na vikanyagio vilivyosagika hadi vikawa laini.

Sharti la kwanza, na ukilishika hili pekee utaepuka nusu ya hasara: injini iwe ya baridi unapofika. Weka kiganja kwenye bloku kabla hujasalimiana na mtu. Ikiwa na joto, imewashwa ili usione kitu. Injini yenye ringi zilizolika au valvu zisizofunga vizuri huwa ngumu kuwaka asubuhi, lakini ikishapata joto inaweza kuwaka kwa kiki moja. Mwambie muuzaji utasubiri ipoe, au utarudi kesho saa kumi na mbili asubuhi. Muuzaji mwenye pikipiki nzima hatakasirika.

Ikiwaka, utazame moshi, si sauti. Kwa injini ya mipigo minne (XL, XR), moshi wa bluu unaotoka sekunde chache baada ya kuwasha kisha ukaisha ni sili za valvu. Hilo si tatizo kubwa. Ukitoka unapovuta mafuta ikiwa na mzigo, ni ringi na bloku. Ukitoka unapoachia mafuta kwenye mteremko, "guide" za valvu (vibomba ambamo valvu hupanda na kushuka) zimelegea. Hila ya wauzaji hapa ni oili nzito, hata ya gia boksi, inayomwagwa kwenye injini ili ifiche moshi na kelele kwa siku chache. Fungua kifuniko cha oili, chovya kijiti: ikivutika kama asali wakati injini ni ya baridi na hali ya hewa ni ya joto, omba imwagwe, iwekwe oili ya kawaida, kisha iwashwe mbele yako. Wakati wa kumwaga, kinga vijiko viwili vya mwanzo kwenye kitambaa cheupe. Uji wa kijivu laini ni wa kawaida. Vipande vinavyometameta kama fedha vimetoka kwenye beringi au meno ya gia, na vya rangi ya dhahabu vimetoka kwenye bushi. Ukiviona, funga mazungumzo.

Kwenye baadhi ya Honda za zamani, kama XL185S, kemshafti (shafti inayosukuma valvu) haina beringi. Inazunguka moja kwa moja kwenye aluminiamu ya hedi, yaani kichwa cha injini. Mtu akiitembeza na oili pungufu siku moja tu, hedi inalika, na hakuna ringi mpya itakayoirudisha. Dalili yake ni mlio wa kugonga juu ya injini usioisha hata baada ya kurekebisha tapeti.

Yamaha DT na AG100 ni za mipigo miwili, na maradhi yake ni mengine. Sili ya krenki upande wa klachi ikifa, injini inanyonya oili ya gia boksi: moshi mzito usioisha na oili inayopungua bila kuvuja chini. Sili ya upande wa magneti ikifa, inanyonya hewa. Plagi inakuwa nyeupe, injini inachemka, sailensa (mzunguko wa injini bila kuvuta mafuta) inapanda yenyewe, na mwisho pistoni inanata kwenye bloku. Hiyo ya pili ndiyo inayoua. Fungua plagi uione: kahawia ya udongo mkavu ni salama, nyeupe ni hatari.

Uliza pia kuhusu pampu ya oili. Pikipiki hizi zilitoka kiwandani na tanki lake la oili na pampu inayojichanganyia. Nyingi zimeondolewa pampu baada ya kuharibika, na sasa oili inachanganywa kwenye petroli. Si dhambi, ila muulize muuzaji anachanganya kiasi gani. Uwiano wa 1:25 ni mililita 40 kwa kila lita ya petroli. Akijibu "tia kifuniko kimoja tu ukijaza", ujue bloku hiyo imekaushwa mara nyingi. Hapo dai hedi ifunguliwe. Kwenye mipigo miwili ya kupozwa kwa hewa ni kazi fupi, na gasketi ni gharama ndogo ukilinganisha na unachotaka kulipa. Juu ya pistoni huandikwa saizi: 25, 50, 75 au 100, yaani imeongezwa robo milimita hadi milimita nzima. Ukikuta 100, bloku imeshachongwa hadi mwisho. Ikilika tena utahitaji slivu mpya, yaani bomba la ndani ya bloku.

Kujaribu kwa kuzunguka uwanja mara mbili si kujaribu. Endesha nusu saa. Koili ya magneti inayokufa hufanya kazi vizuri ikiwa ya baridi. Ikipata joto, umeme unakatika, injini inazima, na inawaka tena baada ya kupumzika. Ndiyo maana unapewa dakika tano tu. Tafuta mlima, weka gia ya tatu au ya nne, vuta mafuta: injini ikilia juu bila mwendo kuongezeka, klachi imekwisha, na hiyo inarekebishika. Lakini gia ya pili ikiruka yenyewe ukiwa unavuta, meno ya gia yameviringika, na kuyafikia lazima injini ipasuliwe katikati. Bei ya pikipiki hiyo ihesabu kama bei ya fremu na magurudumu.

Halafu kuna waliopandikiza injini. Fremu ni ya XL au XR, kadi ya usajili ni ya Honda hiyo, lakini injini ni ya Kichina ya bodaboda. Soma namba ya injini. Ikianza na maandishi kama 156FMI, 162FMJ au 163FML, hiyo haikutoka Honda. Tarakimu mbili baada ya 1 ni kipenyo cha silinda kwa milimita. Injini hizo si mbaya, vipuri vyake viko kila kona, ila usilipe bei ya Honda. Na namba isipolingana na kadi, usumbufu wa kuhamisha umiliki utakuwa wako.

Sehemu ya chini kagua haraka. Vuta tairi la nyuma kushoto na kulia, likicheza ni bushi za mkono wa nyuma au beringi. Geuza usukani polepole tairi la mbele likiwa juu. Ukikwama katikati kama kwenye kashimo, beringi za shingo zimekufa. Gonga spoku moja moja kwa spana, inayolia butu imelegea. Cheni ya 428, pima kutoka pini ya kwanza hadi ya 21: mpya ni milimita 254, ikifika 259 ni ya kutupa. Chini ya shingo ya fremu, kwangua rangi kidogo kwa ukucha pale ilipo nene kuliko kwingine. Mara nyingi chini yake kuna welding.

Onyo jingine linawahusu wanaoagiza kutoka nje au kununua kupitia picha za mtandaoni. Herufi moja inakugharimu. CRF250L ni ya barabara na porini, ina taa, inavumilia kazi. CRF250R ni ya mashindano: haina taa, na kitabu cha Honda kinaagiza pistoni na ringi zibadilishwe kila mashindano 6 au saa 15 hivi za kuendesha. Saa, si kilomita. Yamaha YZ, Kawasaki KX na Suzuki RM nazo ni za mashindano. Za mtumba zinazouzwa rahisi Ulaya na Japani mara nyingi pistoni imekwisha, na hapa kuna mtu anaziuza kwa watu wanaotaka kwenda nazo shambani.

Ukiombwa "advansi ya kuishikilia" kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, usitume. Pikipiki ambayo hujaiwasha ikiwa ya baridi haina advansi. Namba ya chasisi isome kwenye chuma chenyewe, si kwenye nakala ya kadi, na iangalie kama imesagwa na kugongwa upya: herufi zisizo kwenye mstari mmoja zinasema yote. Jina la kwenye kadi liwe la anayekuuzia, au awepo mwenye kadi na kitambulisho chake. Iliyokuwa ya mradi au ya serikali idai karatasi za mnada. Bila hizo TRA (mamlaka ya mapato Tanzania) haitakuelewa. Walio Kenya, umiliki uhakikishwe kwenye mfumo wa NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) na uhamishwe siku hiyo hiyo ya malipo.

Kama umeshanunua na imeanza kukusumbua, usikubali muuzaji aichukue "akakurekebishie". Ataongeza oili nzito tena. Mpeleke fundi wako aifungue mkiwa na muuzaji au shahidi, piga picha za pistoni, bloku na namba ya injini, weka pamoja na mkataba na risiti ya malipo, kisha nenda serikali ya mtaa au polisi na vitu hivyo mkononi kabla injini haijafungwa tena.