Hema la kuoteshea miche ndani, sentimita 60 kwa 60: linastahimili joto la Mtwara?

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo tunalo hema dogo la kuoteshea mimea ndani ya nyumba: upana sentimita 60, kina 60, kimo 140. Limekuja na taa ya LED, feni ya kuvuta hewa yenye mdomo wa milimita 100, na bomba la kutolea hewa. Tunataka kujua kama mtu wa Shangani, Chuno au Mikindani, mwenye chumba cha akiba lakini hana uwanja, atapata humo miche ya maana. Atapata, ila fedha yake aianzie kwenye hewa, taa ifuate.

Neno moja kwanza. Maboksi mengi ya bidhaa hizi yana picha ya jani la bangi, maana ziko nchi kama Kanada na Ujerumani ambako mtu mzima anaruhusiwa kupanda michache nyumbani. Kwetu Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015 inakataza kuilima. Humu ni nyanya, pilipili na mboga.

Haya, tazameni fremu. Mabomba ni ya chuma, yanachomekwa kwenye kona za plastiki. Nje yamepakwa rangi, lakini chunguza ncha zake: pale yalipokatwa hayana rangi, na kwa hewa yetu ya bahari kutu itaanzia hapo hapo. Paka grisi kidogo kila ncha kabla hujachomeka. Zipu nazo, kama kishikio ni cha chuma, kiguse kwa grisi. Ukisimamisha hema, funga zipu kwa mikono miwili, mmoja ukishika kitambaa, kwa sababu kona ya chini ndiyo inayochanika mapema kuliko zote. Tundu dogo linalopitisha mwanga lisikusumbue. Nyanya na pilipili huchanua kwa umri, hazihesabu urefu wa usiku.

Taa sasa. Boksi limeandika 1000. Usilitazame boksi, geuza taa usome kibandiko cha nyuma: volti 230, ampea 0.45. Zidisha, unapata wati 103 hivi. Hizo ndizo wati unazonunua, na kwa eneo hili zinatosha miche na zinabaki. Itundike sentimita 50 juu ya miche kwa kuanzia. Mche ukirefuka shina jembamba na kulala, unatafuta mwanga, shusha taa sentimita 5. Majani ya juu yakipauka na kujikunja kama kijiko, pandisha.

Tukija kwenye joto, hapa ndipo hema hili linaposhinda au kushindwa. Karibu umeme wote unaoingia kwenye taa mwishowe unageuka joto ndani ya hema. Chumba cha paa la bati mwezi Novemba au Desemba kinafika nyuzi 31 au 32 mchana. Ongeza taa, na hema lenye hewa mbovu linapita 36. Mbegu ya saladi inakataa kuota udongo ukizidi nyuzi 30 hivi, hata kama ni mbegu nzuri ya pakiti. Pilipili inaota vizuri kati ya 25 na 30. Nyanya uliyoiacha ikakomaa humo itachanua kisha itapukutisha maua, kwa sababu chavua haifanyi kazi kwenye joto la namna hiyo.

Dawa yake ni kubadili saa. Washa taa saa 12 jioni, izime saa 4 asubuhi. Hizo ni saa 16 za mwanga, na mchana wa jua kali hema limepumzika. Usiache taa saa 24 ukidhani miche itakua haraka, maana nyanya ikikosa giza kabisa majani yake yanageuka manjano.

Feni ifunge juu kabisa, hewa ya moto ndiko iliko, na mdomo wa bomba utoe nje ya dirisha. Kosa linaloonekana sana ni bomba kumwaga hewa chumbani humo humo: hema linavuta tena joto lake lenyewe, usiku kucha, na mwenye hema analaumu taa. Bomba liwe fupi na linyooke, kila kona inapunguza nguvu ya feni. Chini fungua kidirisha kimoja cha kuingizia hewa. Utajua umepatia ukiona kuta za hema zimeingia ndani kidogo. Wavu wa kidirisha hicho ni mpana mno, nzi weupe wanapita, na hao ndio wanaoleta virusi vya kukunja majani ya nyanya. Bandika juu yake kitambaa chepesi cha shela, kisha angalia tena kuta. Zikiingia ndani kupita kiasi, fungua kidirisha cha pili nacho ukizibe hivyo hivyo.

Weka pia kifeni kidogo cha kutikisa majani. Unyevu wetu wa masika ukikutana na udongo uliolowa kila saa, kinyausi kinaingia: shina linakuwa jembamba na jeusi pale linapogusa udongo, mche unaanguka ukiwa bado wa kijani. Mche ulioanguka haurudi. Utoe na udongo wake, acha juu pakauke, na mwagilia asubuhi tu, kwa kuweka trei juu ya sinia la maji dakika 15 kisha unaitoa.

Trei mbili za matundu 128 zinaenea sakafuni, yaani miche 256. Kwa udongo, wengi watakimbilia unga wa makumbi kwa kuwa nazi tunazo. Vizuri, lakini makumbi yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kamba yamebeba chumvi. Yaloweke maji baridi, mwaga, rudia mpaka ukionja maji hayana chumvi. Hali kadhalika maji ya visima vya karibu na bahari: ncha za majani zikiungua wakati mbolea hujaweka, shuku maji. Kinga ya mvua kwenye ndoo. Mbolea isubiri jani la kweli la pili (yale mawili ya mwanzo yanayotoka na mbegu hayahesabiwi), na iwe nusu ya kipimo cha pakiti.

Umeme: taa wati 100 kwa saa 16 ni uniti 48 kwa mwezi. Feni ya wati 20 ikizunguka muda wote, uniti 14 na ushei. Jumla kama 62. Ukikokotoa kwa shilingi 350 kila uniti, ni karibu 21,700. Lakini sikiliza hapa wewe unayelipa bei nafuu ya LUKU kwa matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi: hema peke yake linakula sehemu kubwa ya hizo, na friji ikiongezeka utavuka kikomo. Fanya hesabu hiyo kabla ya kununua.

Taima, yaani kifaa cha kuwasha na kuzima taa kwa saa, iliyomo kwenye boksi ni ya kuzungusha. Umeme ukikatika kwa muda wa saa tatu, nayo inasimama muda huo huo, na kesho yake taa itawaka mpaka saa 7 mchana, saa za joto kali. Nunua ya dijitali yenye betri ndani. Umeme ukikatika, fungua zipu ya mbele.

Mwenye uwanja wenye jua hahitaji kitu hiki. Kitalu cha neti ni rahisi na jua ni la bure. Hema linajilipa mwezi Machi, mvua ikipiga vitalu vya nje. Sia pilipili mwishoni mwa Februari, nyanya katikati ya Machi. Nyanya zitakuwa tayari kwa wiki nne hivi, pilipili sita hadi nane. Zitoe kivulini siku saba hadi kumi, ukiongeza jua kidogo kidogo, ndipo uzihamishie shambani mvua zikiwa zinaisha.

Walio Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, nyuzi zenu ni chache kuliko za pwani. Juni na Julai nyinyi washeni taa mchana kama mkitaka, na feni mwendo wa chini.